Rambirambi za Delamere Avenue

Ukuta wa sebule yetu hapa Webuye ulikuwa na wenyewe kabla sijauingilia. Upande wa mlango yuko babu mzaa mama, ndani ya koti aliloazimwa na mpiga picha. Anayemfuata ni mama watoto siku ya mahafali yake, kofia imemwangukia hadi kwenye nyusi. Kuna picha ya harusi yetu, ambayo nusu ya watu waliomo hatusalimiani nao tena. Kuna kalenda ya duka la pembejeo, ya mwaka juzi, tuliyoiacha kwa sababu ina ng'ombe mzuri. Zote zimetundikwa juu kabisa, shibiri moja kutoka darini, zikainama mbele kidogo kama ilivyo desturi. Ukikaa kwenye kochi lazima uinue shingo kama msikilizaji wa mahubiri, na babu anakutazama kutoka huko juu kana kwamba una deni la fahali wake.

Niliridhika na ukuta huo miaka kumi na minne. Kisha nikaenda Nairobi.

Ilikuwa semina ya walimu, nikalala kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anakaa ghorofa ya saba huko Kilimani na anakunywa kahawa isiyo na maziwa kwa hiari yake mwenyewe. Sebuleni kwake hapakuwa na babu hata mmoja. Palikuwa na picha nyeusi na nyeupe, kubwa, usawa wa macho, kila moja na fremu nyembamba nyeusi. Moja ilikuwa Unguja ya zamani, kutoka Capital Art Studio, ile studio aliyoifungua Ranchhod Oza pale Mji Mkongwe mwaka 1930. Nyingine ilikuwa Nairobi ya miaka ya hamsini, magari yamevimba kama mikate. Ya tatu ilikuwa mtaa wa Chicago, kazi ya Vivian Maier, na hii rafiki yangu aliieleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Huyo mama alikuwa yaya. Alilea watoto wa watu miaka mingi, na kila alipopata nafasi akazurura mitaani kamera shingoni, akapiga picha zaidi ya 100,000 ambazo karibu zote hakumwonyesha mtu. Masanduku yake yaliuzwa mnadani mwaka 2007, naye akafariki 2009 bila kujua kwamba angekuwa maarufu.

(Nilipomsimulia mama watoto kisa hiki alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yaya wa Chicago amepiga picha laki moja, na wetu hata deki imemshinda kupiga.)

Nilirudi na basi la usiku, kilomita mia nne hivi, nikiwa nimeshaamua. Sebule yangu ingekuwa na miji.

Picha za rafiki yangu zilichapwa na watu wanaojua kazi yao, kwa bei ambayo sikuthubutu kumtajia mama watoto. Zangu nilizitoa kwenye intaneti, kwa simu, nikiwa kwenye foleni ya benki. Nilichagua tatu. Ya kwanza ilikuwa Delamere Avenue, ambayo leo ni Kenyatta Avenue, katika miaka ile baada ya Nairobi kupewa hadhi ya jiji mwaka 1950. Upande mmoja hoteli ya New Stanley, na mbele kabisa sanamu ya shaba ya Lord Delamere mwenyewe. Ya pili ilikuwa Kilindini Road ya Mombasa, na zile pembe za ndovu zilizojengwa juu ya barabara kwa heshima ya watoto wa mfalme wa Uingereza. Ya tatu ilikuwa stesheni ya reli ya Nairobi.

Kijana wa saiba huko Bungoma alizitazama, akakuna kidevu.

"Mwalimu, hizi ni ndogo."

"Zikuze."

"Zikikuzwa zitavunjika."

"Wewe zikuze tu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba picha ya simu hainyooki kama mpira. Ukiivuta hadi ukubwa wa karatasi ya A3 inakatika vipande vya mraba, na kila uso wa binadamu unakuwa vigae sita. New Stanley ilitoka kama ukuta wa bafu. Tulipofika Mombasa, wino mweusi uliisha. Mashine, badala ya kunyamaza kama kiumbe mwenye adabu, ikaanza kuchanganya rangi tatu zilizobaki ili kuigiza weusi, na Kilindini Road nzima, pembe, minazi na baiskeli, ikatoka na rangi ya sukuma wiki iliyolala. Kijana aliishika kwa ncha za vidole.

"Hiyo ndiyo ya kizamani yenyewe, mwalimu," alisema, akanidai shilingi mia mbili kwa kila moja.

Fundi wa fremu ni mtu mzito katika mji mdogo. Kila mmoja wetu anapitia mikononi mwake mara tatu: akihitimu, akioa, akifa. Hiyo ya tatu ndiyo inayowalipia watoto wake karo. Nilimweleza kwa makini kwamba nataka fremu nyeusi, nyembamba, isiyo na maua. Aliitikia kila neno. Nilipaswa kukumbuka kwamba fundi anayeitikia kila neno hajasikia hata moja, lakini nilikuwa na kipindi saa nane na bodaboda alikuwa anapiga honi.

Ijumaa nilipozifuata, zilikuwa zimepangwa mezani, zimefutwa vumbi, zinang'aa. Fremu zilikuwa za dhahabu. Kila pembe ilikuwa na waridi. Na chini, kwenye utepe uliochongwa kwa ustadi ambao sitaunyima sifa, kulikuwa na maandishi: Pumzika kwa Amani.

"Fundi, hii ni nini?"

"Nimekufanyia bei ya chini, mwalimu. Kuna familia iliagiza sita, ikachukua tatu."

Nilitaka kuuliza nini kilitokea kwa wale watatu wengine. Nikaacha.

"Na hii ya barabara," aliendelea, "ilikuwa ndefu kuliko fremu. Nimepunguza kidogo huku kushoto. Hapakuwa na kitu, ni mtu tu na baiskeli."

Mama watoto alisoma utepe, akasoma tena, akaenda jikoni. Nilisikia sufuria zikipangwa upya.

Kuhusu kuzitundika sitasema mengi. Msumari wa simiti una tabia yake na plasta ya nyumba ya kupanga ina tabia yake. Msumari wa kwanza ulishusha kipande cha plasta cha ukubwa wa kikombe, wa pili wa ukubwa wa sahani, na kufikia wa tatu nilikuwa nimeelewa kwamba picha hazipambi tena ukuta bali zinauficha. Nilifuata sheria ya Kilimani ya usawa wa macho. Rafiki yangu hakuniambia kwamba sheria hiyo inafaa nyumba ambazo kochi haliegemei ukuta. Jumapili ya kwanza, kila mgeni aliyekaa aliishia na waridi la dhahabu kisogoni.

Na Jumapili hiyo chama cha akina mama wa kanisa kilikuwa kwetu, kikiongozwa na senge, dada yake marehemu baba. Senge aliingia akiimba, akaona ukuta, wimbo ukamkauka. Akina mama nyuma yake waliacha kupangusa viatu. Mmoja alivua kilemba, akakivaa upya.

"Mwanangu," senge alisema taratibu, "ni nani huyu?"

Nilitazama alikotazama. Alikuwa anamwangalia Delamere.

"Huyo ni mzungu mmoja, senge."

"Alikuwa mfadhili wako?"

"Hapana. Alikuwa na mashamba huko Njoro na Soysambu. Ni sanamu yake tu."

"Alifariki lini?"

Mimi ni mwalimu wa historia. Nikiulizwa mwaka, siwezi kujizuia.

"1931."

Senge alikaa. "Na muda wote huu hamkutuambia?"

Mama mwingine alikuwa amefika kwa Mombasa. Alizitazama zile pembe kubwa zilizopindana juu ya barabara ya kijani, akasoma utepe, akatikisa kichwa kwa mshangao wa imani. "Lango la mbinguni," akawanong'oneza wenzake, na kusema kweli, kwa rangi ile na maandishi yale, sikuona jinsi ya kumkosoa. Wakasimama wote. Waliomba dakika kumi na mbili, wakiwataja wasafiri, waajiri wema, na wageni waliokufa mbali na kwao.

Jioni simu yangu ilianza kulia. Shilingi mia mbili kutoka kwa mwekahazina wa chama. Mia moja. Mia tano kutoka kwa mjumbe mmoja aliyeandika, "Poleni kwa kumpoteza bosi." Hadi saa tatu usiku nilikuwa nimepokea 1,350. Nilimwambia mama watoto tuzirudishe. Alinitazama kama mtu asiyekuzwa na watu. Rambirambi hairudishwi; ukiirudisha ni kama unamwambia aliyetoa kwamba na yeye ajiandae. Basi tukanunua sukari, unga wa ngano na mafuta, tukawaalika akina mama chai na mandazi kuwashukuru, wakaja na wenzao, wakakaa hadi usiku na kuimba. Majirani waliopita walisikia nyimbo. Kufikia Jumanne nilikuwa nimepokea mia saba zaidi.

Stesheni ya reli haikuona mambo hayo yakiisha. Mvua ya mwezi wa tano ilipata tundu kwenye bati, ikashuka ukutani, na wino wa mashine ya saiba haupendi maji. Asubuhi tuliikuta treni imeyeyukia kwenye utepe. Hakuna aliyeisikitikia. Sisi wenyewe treni ya abiria tuliiaga zamani.

Kisha akaja Kuka.

Kuka ni mdogo wake babu yangu mzaa baba, anaishi upande wa Chetambe, miaka yake imepita tisini, na haji mjini ila kwa sababu ya meno au mahakama. Safari hii ilikuwa meno. Alikaa, waridi likamgusa kisogo, akageuka kuona ni nini. Hakusoma utepe. Aliisogelea picha, akarudi nyuma, akaisogelea tena kwa jicho lake zima.

"Delamere Avenue," alisema.

Nilisimama na birika mkononi. Katika watu wote waliopita sebuleni kwangu, na kwa sababu ya msiba walikuwa wengi, huyu alikuwa wa kwanza kuitaja kwa jina.

Alikwenda Nairobi kijana, akasema, kwa treni, daraja la tatu, kutoka stesheni yetu hii hii, ambayo wakati huo haikuitwa Webuye bali Broderick Falls. Ilikuwa siku za hali ya hatari, baada ya ule msako mkubwa wa mwaka 1954, na mtu asiye na karatasi zake mfukoni hakuvuka barabara. Alilala Kaloleni. Alifanya kazi ya utarishi katika ofisi moja ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, akibeba barua kutoka kwa mzungu mmoja hadi kwa mzungu mwingine waliokuwa wakitazamana kwa dirisha. New Stanley aliijua yote, alisema, mlango wa nyuma na ngazi za nyuma. Mlango wa mbele anausikia tu.

"Huyu wa shaba tulimpita kila siku. Uhuru ulipokuja aling'olewa akapelekwa kwake Soysambu." Alinyamaza. "Lakini picha hii ina kasoro."

"Imevunjika kidogo, Kuka. Ni mashine."

"Sisemi hivyo. Sisi tuko wapi?" Aliweka kidole kwenye ukingo wa kushoto, pale fremu ilipoanza. "Sisi wa baiskeli tulipita huku. Kuna huku kwingine. Kuko wapi?"

Nilikuwa kwa fundi kabla chai yake haijapoa. Nilimkuta anapigilia mahafali ya mtu. Nilipomweleza ninachotafuta alifikiri, akainama, akainua mguu wa meza ya kazi, na kutoka chini yake akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. "Ilikuwa inanisaidia," alisema kwa masikitiko, na meza ikayumba papo hapo.

Nilikikunjua barabarani. Kilikuwa na upana wa vidole vinne. Alama za mikunjo zilipita katikati, na mguu wa meza ulikuwa umeacha duara la vumbi upande wa chini. Ndani yake kulikuwa na kijana amevaa kaptura, mguu mmoja umenyooka kwenye pedali, mkoba umening'inia begani, ameangalia mbele na si kamera. Uso wake ulikuwa vigae sita, vitatu vyeusi, vitatu vya kijivu.

Kuka alikishika mbali, akakishika karibu.

"Ni mimi," akasema.

Mimi ni mwalimu wa historia, kama nilivyosema. Najua matarishi wenye baiskeli Nairobi ya wakati ule hawakuwa mmoja wala mia. Nilifungua mdomo. Mama watoto alinikanyaga mguu. Senge aliitwa, akaja mbio, akatambua masikio. Mwanangu wa mwisho, aliye darasa la tatu, aliuliza mbona Kuka ana mraba usoni, akaambiwa kwamba zamani watu walikuwa hivyo.

Kabla hajaondoka Kuka aliuliza swali jingine, na hili sijalimaliza hadi leo. Alitazama Nairobi, akatazama Mombasa ya kijani, akauliza, "Na hapa pako wapi?"

Nilifungua kila albamu ya ukoo. Mji uko, lakini si wetu. Mama yangu, akiwa msichana, amesimama mbele ya ndege iliyochorwa kwenye shuka, na nyuma ya ndege kuna maghorofa ambayo hakuna mji Afrika Mashariki uliokuwa nayo. Studio nyingi zilikuwa hivyo, kuanzia huku kwetu hadi kule kivukoni Likoni: ulilipa ukaletewa mji nyuma yako. Webuye halisi nimeipata mara moja tu. Baba amevaa kofia ya chuma mbele ya lango la kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, bomba limetoa moshi hadi ukingo wa picha, na ukiitazama vizuri unaisikia ile harufu ya mayai viza ambayo wageni waliziba pua na sisi tukaita mshahara. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, kikauzwa 2016. Mji uliotengenezea nchi karatasi za madaftari na magazeti hauna karatasi yenye sura yake. Vipepeo wa pande hizi wana kumbukumbu kuliko sisi; hao walikusanywa na Hugh Stoneham huko Kitale, wakapigwa pini, na leo wako makumbusho.

Delamere nimempeleka shuleni, ananisaidia darasani, utepe nimeubandika karatasi. Mombasa mama watoto aliitoa mwenyewe. Kijana wa baiskeli yuko ukutani, juu kabisa, shibiri moja kutoka darini, kati ya babu na mahafali, ameinama mbele kidogo. Fundi alimtengenezea fremu nyeusi, nyembamba, isiyo na maua, kwa sababu, alinieleza kwa uvumilivu, huyu bado yuko hai.

Basi nina ombi. Ikiwa kwenu, iwe Matulo, Misikhu, Lugulu au popote, kuna picha ya Broderick Falls ya kabla ya kiwanda, iwe stesheni, iwe soko, iwe watu wamesimama tu kwenye maporomoko ya Nabuyole, usiitupe, hata kama mende wamekula upande mmoja. Niletee niinakili. Nina fremu mbili tupu za dhahabu, na maandishi ya chini nitayafunika kwa kitambaa.